Sahani ya Pilau Iliyorudi

Wete, Jumapili usiku

Hasira hazijanitoka. Pilau yangu ya kwanza tangu tuoane! Hamadi wangu aliisifu mpaka nikaona haya, nami nikampelekea jirani sahani, kama tulivyolelewa. Mlinzi wake wa getini aliirudisha ikiwa imefunikwa vilevile. "Mama anashukuru, bibie, lakini humu ndani hawali vya nje."

Vya nje! Nyumba ile ilikuwa ya Bi Time, na mlango wake haukufungwa mchana kutwa. Alipofariki, wanawe waliwauzia hawa wenye pesa, ukapandishwa ukuta. Mtaa mzima unakwenda hivyo. Na leo mwenye nyumba wetu katuambia wanaitaka na hii. Chumba changu cha ndoa! Kwa mshahara wa ualimu wa Hamadi, tutapata wapi kingine mtaa huu...

Hamadi, roho yangu, hakugombana na mtu. Aliichukua sahani akaketi kwenye kipande cha baraza la Bi Time kilichobaki nje ya geti. "Njoo tule, mke wangu. Hapa bado petu."

Mlinzi alitutazama, akatazama ndani, kisha akanawa mikono.

Tulikula watatu. Ilikuwa tamu, wallahi, na bado nina hasira.