Udongo wa Mama Zaituni

Jumatatu, 2 Juni
Nimehesabu miche ya korosho, kama kila asubuhi. Yote nimeipa vimelea vya mnyauko, ugonjwa unaoua mikorosho. Bado iko hai.

Kundi la kwanza limetokana na mbegu za Mama Zaituni wa Makote. Shamba lake lote limekufa, umebaki mkorosho mmoja. Kundi la pili ni mbegu za kawaida. La tatu pia ni mbegu za kawaida, ila kwenye udongo wa chini ya mti wake. Hilo alilisisitiza yeye. Nimelifanya kwa adabu, si kwa imani. Udongo unanuka, kwa hiyo kundi hilo nimeliweka nyuma ya jengo la maabara, msaidizi analimwagilia.

Miaka kumi na moja natafuta mmea unaomtambua adui yake mapema. Nadhani nimeupata.

Jumatano, 4 Juni
Makote kwa bodaboda. Habari mbaya. Kijiji kimeamua mashamba yenye mnyauko yafyekwe yote na kuchomwa, mkorosho ule ukiwemo.

“Shikamoo, mama.”
“Marahaba, mwanangu. Panga ninalo. Mkono ndio haunyanyuki.”

Mwenyekiti amenipa hadi kikao cha Julai nilete sababu ya kuuacha. Naogopa.

Jumamosi, 14 Juni
Kundi la pili linanyauka. La kwanza kijani kibichi. Nimeimba maabara peke yangu.

Ijumaa, 27 Juni
Miche tisa ya kundi la kwanza imelegea. Nimehesabu mara mbili. Ni mnyauko.

Mti ule hauna kinga yoyote ya kurithisha. Nilikosea. Nimefunga mlango nikaondoka bila hata kupita nyuma ya jengo.

Jumapili, 29 Juni
Kanisani Lisekese na baba. Sikusikia mahubiri. Njiani aliuliza kama miche yote imekufa. Nikamwambia kundi la tatu sijaliangalia wiki nzima. Akanitazama alivyowatazama wanafunzi wake walioruka swali.

Sikungoja chakula. Nimekwenda na gauni la kanisani.

Miche ishirini ya kundi la tatu. Yote hai. Majani yanang'aa. Nimekaa chini kwenye tope na gauni langu.

Jumatatu, 30 Juni
Nimemuuliza Mama Zaituni anaufanyia nini mti ule. Kila msimu akikamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, makapi anamwaga pale shinani. Miaka ishirini. Kisa chenyewe: ndipo karibu na jiko.

Nimechemsha sehemu ya udongo, nikapanda miche mipya na kuipa vimelea. Kama kinga ni viumbe hai, kwenye udongo uliochemshwa miche itakufa.

Jumatatu, 21 Julai
Imekufa. Sijawahi kufurahia miche iliyokufa hivi.

Kwenye darubini mizizi ya miche mizima imezungukwa na bakteria, wamejipanga kama ukuta. Adui anafika anakuta nyumba ina wenyewe. Nilikuwa nautafuta ushujaa wa mti. Mti umeishi kwa majirani zake.

Jumatano, 23 Julai
Kikao. Nilieleza vibaya, maneno ya kitabuni mengi mno. Watu wakapiga miayo. Mama Zaituni akasimama, akaeleza upya kwa Chimakonde. Wakacheka, wakauliza maswali, wakataka kujua makapi kiasi gani. Mti unabaki, ukizungushiwa mfereji wa kuzuia ugonjwa usienee, na mimi niendelee kuuchunguza.

Nilimuuliza aliwaambia nini.
“Niliwaambia hata ugonjwa huona haya kuingia nyumba yenye wageni wengi.”

Furaha tupu. Sina neno jingine.

Jumamosi, 26 Julai
Chilangala, kwa dada yake Mama Zaituni. Shamba lililokufa mwaka jana. Tumepanda miche sita kwenye udongo niliouchanganya na bakteria wale, niliowazalisha maabara. Huenda wasiishi huku. Nimewaambia hivyo wazi.

Mama Zaituni aliuliza wale wadudu wadogo wanaitwaje. Nikasema bado hawana jina, wana namba tu.

“Miaka ishirini nimewalisha, wana namba?”

Nikamwambia achague yeye. Akasema jina halitolewi kwa haraka, atafikiri. Akashika jembe. Tukachimba shimo la saba, hadi jua likafika utosini.