Kisu Kipya, na Kushoto kwa Nani

Jumatatu, 3 Juni

Nimekishika. Kisu chenyewe! Muuza visu alikuja getini machinjioni saa ya chai, akafungua kitambaa taratibu kama anafunua mtoto aliyelala. Hakikunjwi, hakina bawaba — chuma kimoja toka ncha mpaka kitako cha mpini. Akasema kina garantii ya maisha. Nikamuuliza maisha ya nani, yangu au ya kisu? Akacheka. Bei: mshahara wangu wa mwezi mzima, na chenji hakuna.

Mimi nimechuna ng'ombe nchi tatu, kwa lugha nne — ya nne ni matusi tu, lakini hayo nayasema kwa ufasaha. Visu nimeviona. Hiki ni bwana mkubwa. Changu kimenolewa miaka kumi na moja, kimebaki chembamba kama mkia wa panya.

Ninunue? Nisinunue? Kichwa kinazunguka.

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Msimamizi katuita mimi na Kimya. Ngozi tatu za wiki iliyopita zimerudishwa na kiwanda, zina matundu. Sisi wawili tunachuna ng'ombe mmoja: Kimya ubavu wake wa kushoto, mimi wa kulia, tunakutana mgongoni. Mwaka wa sita huu. Na karani wa stoo ya ngozi kaandika kwenye daftari: matundu, kushoto. Yaani Kimya.

Msimamizi kasema likionekana tundu jingine wiki hii, basi Jumatatu mwenye upande huo anaweka kisu chini, anashika mpira wa maji, anaosha sakafu mpaka astaafu.

Kimya hakusema neno. Ndiyo maana anaitwa Kimya. Aliniangalia kidogo, akaangalia mabuti yake.

Roho imeniuma. Kijana mzuri, mke wake ana mimba ya nne. Nimepata wazo: ninunue kile kisu, nimpe yeye. Kisu butu ndicho kinachotoboa, maana mkono unalazimisha. Au nikae nacho mimi, nimpe huu mkia wa panya? Hapana. Huo ni uchoyo uliovaa tai.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu kasema kwa bei ile, kisu kiwe kinapika chenyewe na kuosha vyombo. Halafu akaniuliza mbona asubuhi nimeshindwa kuvaa shati mpaka anisaidie. Nikamwambia shati limebana. Akasema shati ni lilelile.

Unazungumza visu, mtu anakujibu mashati.

Alhamisi, 6 Juni

Muuza visu kaniazima kimoja mpaka Jumatatu: ama hela, ama kisu kirudi. Mtu mwingine asingemwazima. Mimi najulikana. Hapa naitwa Ngumi, na si kwa ugomvi. Kisu kwangu ni cha kufungua tu. Baada ya hapo unasukuma ngumi kati ya nyama na ngozi, ngozi inaachia kama soksi. Ngumi haitoboi ngozi hata siku moja. Nusu ya wachunaji wa hapa nimewafundisha mimi, Kimya wa kwanza wao.

Nikaona nikijaribishe mwenyewe kabla sijampa. Lo! Kinateleza kama ulimi wa dalali. Ngumi sikuitumia kabisa — kwa nini nisukume wakati kisu kinakwenda chenyewe? Bega limepumzika. Ng'ombe saba kabla ya chai.

Nimeamua. Nanunua.

Ijumaa, 7 Juni

Sijaamua tena. Matundu mawili kwenye ngozi za jana. Karani kaandika: kushoto.

Hapa sielewi. Kimya alikuwa na kisu chake cha siku zote, nilimwona, mkono umetulia kama anapiga pasi. Nimemuuliza kwa upole, vipi mdogo wangu? Kasema yatapita. Yatapita vipi? Anayepitishwa ni yeye! Nikamkasirikia. Halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda mwenyewe stoo ya ngozi. Karani anazitandaza chini apake chumvi: manyoya chini, upande wa nyama juu, shingo ukutani, yeye kasimama mkiani. Akanionyesha matundu. Kweli, kushoto.

Nikarudi nyumbani, nikatupa koti kitandani. Likatandazika wazi, bitana juu, kola ukutani. Mkono wa kulia wa koti uko kushoto.

Nikalipindua: kulia kukarudi kulia. Nikalipindua tena. Nikalivaa ndani nje mbele ya kioo, hapo ndipo nikavurugika kabisa, maana kioo nacho kina kulia kwake. Mke wangu akaingia, akauliza naumwa? Nikamwomba anishikie mkono wa kulia. Akasema, "Kulia kwa nani baba, kwako, kwangu, au kwa koti?"

Nikakaa kitandani.

Kulia kwa ng'ombe ni kushoto kwa karani. Kulia kwa ng'ombe ni mimi.

Jumapili, 9 Juni

Sina la kuandika. Nimejaribu kuinua mkono mpaka kwenye rafu ya juu. Umeishia masikioni.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Kazi haijaanza.

Nilimkuta Kimya anavaa aproni. Nikamuuliza kama alijua. Kasema alijua tangu mwezi wa pili: bega langu halisukumi, napitisha kisu mahali pa ngumi. Kisu kikali zaidi, matundu zaidi. Nikamuuliza kwa nini basi kaacha karani amwandike yeye. Akafunga kamba za aproni, zote mbili, polepole. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hiki.

"Kaka, mimi nikiosha sakafu nitaitwa Kimya vilevile. Wewe ukiosha, utaitwa nani?"

Msimamizi akamwita. Kaingia, mlango umefungwa.

Sikuwa na utani wowote mdomoni. Mimi!

Kisu kiko mapajani. Ni kizuri, sikatai. Kinafaa mtu mwenye ngumi, kifungue mlango tu na kukaa kando. Kingemfaa Kimya — kama atabaki kwenye kisu. Na akibaki yeye, mimi sibaki. Muuza visu yuko getini, ananipungia mkono, anataka jibu lake. Garantii ya maisha.

Nimevaa koti ndani nje, nimwonyeshe msimamizi vizuri, maana kwa maneno atachanganyikiwa kama mimi. Wenzangu wananicheka. Wacheke.

Naandika nimesimama sasa. Ofisi iko kulia kwangu, geti liko kushoto. Huko ndani sauti ya msimamizi inapanda, ya Kimya haisikiki hata kidogo, na bega hili, ili kugonga mlango, inabidi niliinue kwa mkono wa pili. Nafunga daftari, nagonga.