Vespa ya Marehemu Mzee Othman

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta umekaa, si umesimama jikoni na mtoto mgongoni, maana ni ndefu. Goti la Mama linaendeleaje? Na shemeji amesharudi Ujiji au bado yuko Kasulu na mahindi yake? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio haujatulia. Juzi nilipokupigia ukaniuliza, "Zena, mbona sauti hiyo?" nikakujibu kwamba mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Nilikuwa nalia, na kulia kwenye simu sikutaka, kwa hiyo nimeandika, na jirani yangu mmoja anayekuja huko Ujiji harusini atakupa mkononi.

Nyumba ninayokaa unaijua kwa kuisikia. Mwenyewe ni Bi Salma, mjane, Mungu hakumjaalia mtoto. Mimi nimepanga chumba cha juu, cherehani yangu iko dirishani, nashona mapazia na mashuka ya hoteli. Kule chini, ukishavuka tu mlango wa mtaani, ilikuwapo vespa ya marehemu mumewe, Mzee Othman. Ilikaa imeegemezwa ukutani tangu alipofariki, imefunikwa gunia, na paka wa mtaa mzima wakizalia pale pa kuwekea miguu. Kila nikishuka na furushi la mapazia kichwani nilijigonga nayo nyonga.

Alasiri moja nilirudi kutoka kupeleka kazi, jasho linanitiririka mpaka viatuni. Bi Salma alikuwa barazani na jirani yake, Bi Rukia, wanachambua mchele. Bi Salma akanitazama akasikitika.

"Mwanangu, utakufa na mizigo hiyo. Na vespa ipo pale imekaa bure."

Nikacheka. "Bi, si imekufa hiyo?"

"Basi ifufue. Ukiifufua ni yako. Mie nnaitaka ya nini, niipande niende wapi? Wallahi nshakupa. Bi Rukia, umenisikia."

"Nimesikia," Bi Rukia akasema, "na marehemu huko aliko kafurahi."

Basi nikakodi mkokoteni, nikaipeleka Kwahani kwa fundi mmoja anaitwa Faki. Alipoondoa gunia alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, hii umeivua baharini?" Chumvi ilikuwa imeila chini yote, ukikanyaga unaona lami. Alipofungua kabureta, petroli ya zamani imeganda ndani kama sukari guru. Tangi limejaa kutu. Tulitia humo mafuta ya taa na kokoto, tukalitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, na kilichomwagika kilikuwa chekundu kama uji wa ulezi. Faki alikuwa akiishika kazi yangu pale tu wateja wake wa bodaboda wakipungua, kwa hiyo nikawa napita kila nikitoka kupeleka mapazia, nampa spana, nasugua, nafunga nati. Unakumbuka tulivyokuwa tukiziba pancha za baiskeli ya Baba, wewe ukishika beseni la maji? Mikono haijasahau. Akabadilisha ringi za pistoni, waya wa klachi, plagi, tairi zote mbili, akachomelea bati jipya chini. Kiti nilikishona mwenyewe kwa ngozi ya bandia. Uzi mweusi ulikuwa umeniishia, nikatumia mwekundu, na watu wakadhani ndio urembo wenyewe.

Siku ya kuiwasha ilipigwa kiki mpaka Faki akavua shati. Ikakohoa. Ikanyamaza. Ikakohoa tena, halafu ikashika, moshi ukafunika uchochoro mzima na watoto wakapiga makofi. Nikaja nayo nyumbani taratibu. Bi Salma aliusikia mlio akiwa ndani, akatoka bila kujitanda, kashika mlango. "Mlio ule ule," akasema. "Zena, mlio ule ule!" Tukalia wote wawili pale mlangoni kama wajinga.

Dada, maisha yangu yalibadilika. Asubuhi Darajani kununua samaki na ndizi, natia kikapu mbele. Mchana mapazia, nayafunga nyuma kwa mpira, nazunguka hoteli zote kabla ya alasiri. Dawa za presha za Bi nazifuata mimi, nazi zake mimi, mkaa wake mimi. Wauza madafu wakanipa jina, Zena wa Vespa. Na siku dada yake Bi Salma alipougua huko Bwejuu, nilimpakia Bi tukaenda naye. Mwanamke mzima yule, kakunja buibui lake vizuri, kanishika kiuno kwa mikono miwili. Pale Jozani kima walikuwa wanavuka barabara, nikasimama, naye akacheka kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Tulipofika akamwambia dada yake, "Huyu ndiye mwanangu niliyekwambia." Hakusema mpangaji. Alisema mwanangu, dada, na mimi nililipokea neno lile lote, sikubakisha.

Kumbe yupo mtoto wa kaka yake Bi Salma, anaitwa Nasri, anakaa Chukwani. Tangu msiba wa Mzee Othman hakuwa ametia mguu ndani ya nyumba ile. Sijui nani alimwambia. Alikuja na kikapu cha halua, akaikuta vespa mlangoni, akaizunguka, akaipiga picha mbele, nyuma, ubavuni. Akarudi tena na mkate wa mofa. Mara ya tatu alikuja na pikapu na kijana mwenzake.

Nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia stendi ya vespa inagonga sakafu, nikashuka mbio na futi ya kupimia iko shingoni.

"Nasri, unaipeleka wapi?"

"Muulize shangazi."

Bi Salma alikuwa palepale barazani. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. "Zena, huyu damu yangu. Kitu cha marehemu kikae kwa watu wetu."

"Bi, si ulinipa? Uliapa."

"Nilikuazima, mwanangu. Nilikwambia itumie."

Nikamgeukia Bi Rukia, maana naye alikuwepo na ungo wake kama siku ile. "Bi Rukia, wewe ulisikia. Sema."

Akajifunika kanga vizuri. "Mie sijui mambo ya nyumba za watu."

Nasri akacheka. Akasema, "Ama wapangaji wa siku hizi!" Nilimngoja Bi Salma amkemee. Neno moja tu lingenitosha. Akamwambia, kwa upole kabisa, "Zena mpangaji mzuri. Ataelewa."

Ningeweza kustahimili kutukanwa. Upole ule ndio ulionikata. Wakaipandisha kwenye pikapu, wakaifunga kamba, wakaondoka. Nikapanda juu nikashona pazia zima kombo, kesho yake nikalifumua lote.

Unajua kilichoniuma zaidi? Haikupita wiki akaniita kutoka chini, "Zena mwanangu, ukipita hospitali nichukulie dawa." Nikaenda, kwa miguu. Sikwenda kwa mapenzi, dada, usinisifu. Nilikwenda kwa sababu presha haingoji watu wapatane.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Nilipata kazi ya mapazia ya hoteli moja Shangani. Nikafika na furushi kichwani, nikaingia mapokezi, na mbele yangu, juu ya jukwaa dogo la mbao, vespa. Imesafishwa inang'aa. Kwenye usukani wamening'iniza kikapu cha maua, na wazungu wawili wanaipiga picha. Kiti ni changu, uzi mwekundu ule. Nikainama nikachungulia ubavuni, ndani kutupu. Mashine hakuna.

Kijana wa mapokezi akaniona ninavyoshangaa. "Nzuri eh? Ya kale hiyo. Bosi kainunua kwa kijana mmoja. Mashine tukaitoa, ilikuwa inavujisha mafuta kwenye sakafu."

Nikakishika kiti kile, nikataka kukaa.

"Usikalie, dada," akaniambia. "Ya mapambo hiyo."

Nikashusha furushi, nikapanda ngazi, nikatundika mapazia yao vyumba vyote, nikashuka kwa mlango wa nyuma.

Siku ile ile, ilikuwa Ijumaa, naingia nyumbani alasiri, nikamkuta Bi Salma barazani kavaa buibui jipya, udi unanukia, mkoba umejaa tende na mikate ya kumpelekea dada yake. Kajipamba kama wa harusini.

"Nasri kanambia baada ya sala atanipeleka Bwejuu kwa vespa," akasema. "Hujamuona njiani?"

Sala ilishatoka zamani, barabara nzima imerudi kazini. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu Shangani, makali, nimeyapanga moja moja. Nikamtazama alivyokunja buibui tayari kwa kupakiwa, yale makali yote yakanipotea.

"Bi," nikasema, "Nasri hana vespa. Kaiuza hotelini. Wameitoa mashine, wametia maua."

Mkono ukawa unafungua mkoba, unafunga, unafungua. Halafu akageuza shingo kuangalia mlango wa jirani, akaniinamia.

"Usimwambie Bi Rukia."

Hayo ndiyo aliyoniambia, dada. Hakuniambia pole. Hakusema, Zena nilikukosea. Akaninyooshea mkono nimnyanyue, nikamnyanyua. Nikambebea mkoba mpaka chumbani, nikamfungua pini za buibui, nikampa maji. Kisha nikapanda juu kwenye cherehani yangu.

Nimepata chumba Kikwajuni, kidogo, dirisha linatazama ukuta, lakini cherehani inaingia. Mwisho wa mwezi nahama. Nilipomwarifu aliuliza, "Na dawa zangu nani atanichukulia?" Nikapanda zangu ngazi, maana jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja, amuulize huyo damu yake, na yeye analijua. Sijamsamehe. Nimejaribu, haijaja. Ikija nitakwambia.

Nisalimie shemeji na wanao wote, hasa huyo Tatu anayejifunza kushona, mwambie asikaze uzi sana. Nisalimie bibi yetu mzaa mama na mjomba wa dukani. Mama mwambie nahama ili niwe karibu na kazi, basi. Kila akinipigia huniambia nimsalimie Bi Salma, mama mwenzake wa Unguja anayemlelea mtoto. Mwambie salamu zake zote nilizifikisha.

Mdogo wako, akuwazaye kila jioni,

Zena