Asubuhi nilipokataa kufungua lango

Jumanne, jioni

Mimi ndiye mwalimu mkuu, na sijuti kwamba sikufungua. Habari zilifika darasani kwamba risasi zinalia barabara ya Bogoro, na mara wazazi wakaanza kusukuma lango la shule.

"Directrice, fungua! Batoto yetu iko ndani!"

Ningefungua, wadogo wangekanyagwa. Nikashika rejista, nikaita mtoto mmoja mmoja na kumkabidhi kwa mzazi wake kupitia mlango mdogo wa pembeni. Sikupandisha sauti.

Baadaye tukaambiwa ni uvumi tu. Hakuna mtoto aliyepotea.

Binti yangu wa darasa la tatu nilimwita wa mwisho.

"Mama, juu ya nini weye haukuniita mbele?"

Nilimwambia watoto wa watu hutangulia. Jioni hii amekula bila kuniangalia.