Mukono Wangu Ndani ya Biro Yako

Asifiwe, mutoto wa tumbo langu,

Lundi hii, siku ya kwanza ya juma, tena umeonekana ku simu. Saa mbili ya asubuhi kama kawaida, hata sijafungua balo, furushi langu la nguo za kuuza. Mama Rebeka, jirani yangu wa soko, yule wa makayabo, samaki wa chumvi, alipiga kelele kutoka meza yake: “Mama Asifiwe! Kuja uone mutoto wako, leo amevaa zambarau!” Wanawake watatu wakainamia simu yake. “Aa, huyu amekuwa mukubwa kabisa.” “Angalieni ile biro anamofanyia kazi, iko na klimatizeri ya kuleta baridi!” Nami nikafanya vile ninafanyaka kila lundi. Nikanyoosha shingo, nikasema, “Ile ni damu yangu. Akili haikutoka kwa jirani.”

Halafu nikaangalia picha vizuri. Ku pembe, nyuma ya bega lako, niliona kitu. Nikamurudishia Mama Rebeka simu yake. Nitakuja ku hicho kitu, usinisukume mbio. Mama yako alisoma mpaka darasa la sita, anaandika polepole, lakini anaandika sawa.

Unakumbuka ile koti ya kijivu? Ulikuwa na miaka sita. Uliitoa ndani ya balo, ukaivaa, ikaburuta chini, ukapanda ku kiti mbele ya wateja: “Miye ni directrice, mukubwa wa wote! Kila mutu anyamaze!” Muteja mumoja akakuuliza directrice wa nini. Ukamujibu, “Wa hapa.” Nilijua tangu siku ile. Nilimwambia baba yako, Mungu amupumuzishe, kwamba huyu hatauza nguo. Na kweli haukuuza. Ulisoma mpaka universite, wa kwanza mu jamaa yote, upande wangu na upande wake. Diplome yako ningali nayo ku ukuta. Ninaipangusa kila siku ya posho, mwisho wa juma, na mugeni akiingia ninamukalisha penye ataiona, apende asipende.

Lakini diplome haikufungua mulango. Miaka mitatu ulizunguka Bunia na faili chini ya kwapa, kwenye miradi yote ya wageni. Walinzi wa mageti walikujua kwa jina. Ndipo siku moja ukaenda ku formasyo, masomo ya siku moja mu sale moja ya mujini, mwalimu akawafundisha namna ya kujitangaza ku mitandao. Ulirudi macho yanawaka. Nilikuwa ninasonga bugali.

“Mama, amesema asiyeonekana hayuko.”

“Hayuko wapi?”

“Hayuko tu. Mabosi wanaangalia ukurasa wako mbele ya kusoma barua. Na wanataka mutu mwenye iko na kazi tayari. Jina la mutu ni kama etalaji, ile meza yako ya soko. Lazima uipange.”

Nilicheka mpaka mwiko ukasimama. Kumbe hiyo ndiyo walikufundisha siku nzima? Nguo nzuri juu, yenye tundu chini. Hiyo kazi niliijua mbele ya mwalimu wako kuota meno! Nikakuambia, “Kesho nitakuonyesha etalaji.”

Nilifungua balo mpya nikachagua blauzi kumi na moja. Sikumuachia mutu mwingine pasi. Nilitia ndani makala ya moto, nikanyunyiza maji, nikapiga kola moja moja mpaka zikasimama kama askari. Tukaenda nazo kwa miguu mpaka mutaa wa Mudzipela, kwa Muzee Safari wa foto, kwa sababu ya lile pazia lake kubwa lenye biro iliyochorwa kwa rangi: meza, klimatizeri, dirisha lenye majengo marefu, na saa ya ukuta inayosema saa ine na dakika kumi. Upepo uliingia chini ya mulango, biro yote ikawa inacheza. Basi nikasimama nyuma, nikakamata pazia kwa mikono mbili.

“Mama, usipumue! Jengo la tatu linaanguka!”

“Uvae haraka weye, directrice, mikono inakufa!”

Ulikuwa unabadilisha blauzi nyuma ya mulango, unatoka, unakaza uso, Muzee Safari anapiga. Kumi na moja, kwa asubuhi moja. Jioni ukazipanga ndani ya simu pamoja na maneno yake ya kifaransa. Uliniambia mashine itazitoa yenyewe, moja kila lundi.

“Hata ukisahau?”

“Hata nikisahau, mama. Hata rezo ya simu ikikosa. Watu wataniona tu niko kazini.”

Nguo tulizifua, zikarudi ku meza yangu, wateja wakazibeba zote.

Picha ya lundi ya kwanza ilipotoka, Mama Rebeka alikuja kunikumbatia na mikono ya samaki. “Amepata kazi?” Ningesema ni pazia. Nilikuangalia. Nikasema, “Ndiyo, iko na biro yake.” Weye ukainama, ukacheka mu kitenge chako, haukunikatala. Hapo ndipo siye wawili tulifunga mudomo.

Baada ya picha ya pili, mutu akakuandikia. Ameona ukurasa wako, anatafuta mutu kama weye, kazi iko ng'ambo ya mupaka. Ulinionyesha ukurasa wake. Alikuwa amevaa koti la bluu, tai sawa, biro kubwa nyuma. Unajua niliangalia nini, Asifiwe? Niliangalia pasi. Nikasema, “Huyu mutu iko safi, kola yake imesimama.” Miye! Miye ninayegeuza kila nguo nje ndani mbele ya kuinunua, ninayevuta kila mushono, sikuuliza ukuta wa yule bwana kama ni ukuta.

Ulienda siku ya ine ya juma ile ile. Ulinipigia kutoka Ariwara, karibu na mupaka: “Mama, nimefika. Nimekula muhogo na samaki. Kesho asubuhi tunavuka.” Nikauliza uko na nani. Ukasema, “Na wale wa kazi.” Nyuma yako gari lilikuwa linanguruma, na mutu akaita, “Twende.” Hakutaja jina lako. Simu yako haijalia tena tangu hapo.

Halafu lundi ikafika, picha ya tatu ikatoka, na miye mujinga nikashukuru Mungu. Nilijua ile blauzi ya maua, nilijua siku tuliipiga, lakini moyo ulisahau kwa makusudi. Nikasema ona, iko muzima, anacheka. Lundi iliyofuata, hivyo hivyo. Nikawa ninaishi kutoka lundi mpaka lundi.

Kidogo kidogo nikaanza kuogopa kukuangalia. Ni miye nilikusuka nywele siku ile ya foto, na karibu ya sikio la kushoto nywele kidogo zilinitoroka. Juma zinapita, hata musuko wa malkia ungekuwa umefumuka, lakini zako ni mupya, na zile kidogo ziko pale pale. Nywele hazikui. Saa ya ukuta haitembei, kila lundi ni saa ine na dakika kumi. Watu wanaandika chini, “Unapendeza, dada, wakati haukugusi.” Ninasoma hayo maneno, ninafunika simu na kitenge.

Na blauzi zako zinatembea mu muji. Siku ya picha ya tano, ile ya bluu yenye vifungo vya mbao, nilikuona mbele yangu karibu na rond-point, penye barabara zinakutana, mugongo wako, kola ile niliyoisimamisha. Nilikimbia mbele ya pikipiki, mwenye kuiendesha akanitukana: “Mama, unataka kufa?” Nikashika bega. “Asifiwe!” Aliyegeuka ni mwalimu wa shule ya primere, muteja wangu. “Mama, kuna nini? Si uliniuzia weye mwenyewe?” Nikasema ndiyo, nilitaka kuona kama inakukaa vizuri. Nikabaki nimesimama pale, helikopta nyeupe ya walinzi wa amani ikapita juu, sikusikia kelele yake.

Nilikuandikia ku ukurasa wako. Niliandika, “Asifiwe, ni mama. Uko wapi?” Hata sijatoa kidole, jibu likafika. Nikamupatia Mama Rebeka simu anisomee kile kifaransa: “Merci pour votre message. Je vous réponds bientôt.” Akasema, “Anashukuru, atakujibu sasa hivi. Lakini sababu gani anakuita vous kama mugeni?” Nikasema ndiyo heshima ya watu wa biro. Nikaandika tena, “Umekula?” Neno lile lile, na vous yake. Nikaandika jina lako la nyumbani, lile ninaloita miye peke yangu. Merci pour votre message. Mutu aliyefunga mulango na kunyamaza ni afazali kuliko huyo anayejibu.

Utauliza, mama, ulinyamaza sababu gani? Sababu ya majivuno, mutoto wangu. Kusema umepotea ilikuwa kusema kwanza kwamba biro ni pazia. Na nani angeniamini? Wakati wa vita, mutu akikosa kuonekana siku mbili, jirani wanakuja kukaa na weye, wanaleta majani ya chai, wanauliza alipitia njia gani. Sasa wanasema ni amani. Mutu akikosa, wanasema iko na kazi nyingi. Na weye hata haujakosa. Uko pale kila lundi, kuliko mutu yeyote wa Bunia.

Basi, ile picha ya zambarau, ya kumi. Ku pembe, pale majengo marefu yanaishia, kuna vidole vine kama vinakamata hewa. Ku kidole cha pili kuna kovu jeupe, lile la pasi iliyoniunguza mwaka wa kuzaliwa kwako. Watu wameona. Mumoja ameandika, “Nani huyo nyuma yako?” Mwingine akamujibu, “Ni boss wake, anamulinda.” Asifiwe, ni miye. Juma munane watu wanakuona ng'ambo, mu inchi ya wengine, na mukono wangu uko kule na weye, hautoki, haukugusi.

Sikufungua balo siku ile. Nilienda kwa polisi. Mukubwa mumoja, muchanga kuliko weye, alinisikiliza nusu, akafungua simu yake.

“Ni huyu? Mama, huyu ametuma leo asubuhi. Anaandika juma yake imeanza vizuri. Umupatie nafasi, ni mutu wa mashuguli.”

Niliweka mukono wangu ku meza yake, karibu ya simu. Akaangalia mukono. Akaangalia picha. Akarudi ku mukono. Aliinuka kidogo ku kiti, kama mutu aliyeona nyoka, akavuta simu mbali na vidole vyangu.

“Mama, hii picha ni ya lini?”

Ndiye mutu wa kwanza kuniuliza. Nilimwambia yote: blauzi, Mudzipela, upepo, koti la bluu, Ariwara. Aliandika. Kisha akauliza tena, bila kunikaripia, “Na ulingoja juma munane sababu gani?” Hilo hakuliandika, maana sikulijibu. Nimelijibu mu barua hii.

Alisema tutafute wenye walikuona. Kwa hiyo barua hii nimeipeleka ku radio, isomwe saa ya matangazo, na wenye simu waipitishe. Nyinyi wenye kusikia Ariwara na njia yote ya mupaka: huyu musichana hayuko kazini. Zile picha zote ni za asubuhi moja. Musiseme tulimuona lundi. Semeni kama mulimuona kwa macho, na nani, ndani ya gari gani, na mupeleke habari kwa polisi wa Bunia ao kwangu soko, kila mutu ataonyesha meza yangu. Mama Rebeka nimemwambia miye mwenyewe mbele ya kuandika barua hii. Alikaa chini ku gunia. Akasema, “Na miye nilikuwa ninakuitia kila lundi.” Tangu siku ile ameuza samaki wake akiwa upande wangu wa meza.

Imebaki picha moja. Lundi inayokuja ni blauzi ya njano, na unajua ilikuwa namna gani. Kamba ya pazia ilikatika, biro yote ikaniangukia ku kichwa, ukageuka kuniangalia ukicheka, na Muzee Safari akapiga. Ulisema, “Hii tutaiacha.” Sijui kama uliiacha. Kama uliiweka, Bunia nzima itaona matofali matupu, na mama yako ameinua mikono juu kama amekamatwa na askari, anacheka. Waone. Sitaficha uso.

Kisha hakutakuwa tena na lundi. Watu watangoja juma moja, mbili, waanze kuuliza, huyu amepotea lini? Miye ninasema leo: aliondoka siku ya ine, juma munane sasa, njia ya Ariwara, na haonekani.

Na weye, kama barua hii inakufikia kwa sikio la mutu yeyote, nitumie picha moja mubaya. Nywele zimefumuka, nguo ina mikunjo, ukuta wa nyuma ni ukuta. Nitazunguka nayo soko lote. Nitajivuna nayo kupita zile kumi na moja, na pasi nitaitia makala siku utaingia mulangoni.

Ni miye, mama yako, mwenye ule mukono.