Babu Chumvi na Shimo la Saba

Hivi mzee wangu, unajua kwamba siku hizi chumvi yangu haiishi?

Mwaka umetimia tangu ututoke, na kibakuli chake bado nakiweka upande wako wa meza.

Wengine walikujua kama fundi wa viwanja vya gofu. Wajukuu walikuita Babu Chumvi, maana kila shimo ulilojenga, tangu mpira unapopigwa mara ya kwanza hadi kwenye kibendera, lilianzia jikoni kwangu. Kitambaa cha meza ulikikunja kikawa kilima, chumvi ikawa mchanga, njiti ya kiberiti ikawa kibendera. Kisha unaniita, "Mama, tazama mara moja, halafu geuka." Nageuka, mwiko mkononi, nakusimulia nilichokiona. Nikikwama tu, unakung'uta kitambaa. "Wewe hujawahi kushika fimbo. Ukilisahau wewe, hilo si shimo, ni nyasi tu."

Hukuwahi kumfokea mkata nyasi. Na pale karibu na kibendera, penye nyasi laini, ulivua viatu kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala.

La saba sikukwama. Mchanga uliumwaga katikati ya njia kabisa.

"We mzee, mbona umewaziba watu njia?"

"Sijawaziba, nimewauliza swali. Anayeogopa apite kushoto, kuna nafasi tele, ila atapiga mara moja zaidi. Mwenye moyo apite kulia, pembamba, kando ya maji, na akifika anakiona kibendera chote. Wewe ungepita wapi?"

Nikasema kushoto, nikarudi kwenye sufuria. Kila ulipouliza tena, miaka ishirini, nilisema kushoto.

Ulipoondoka haikupita miezi mitatu, mwenyekiti wa klabu akaleta habari: mchanga wa la saba utafukiwa, wachezaji wamechoka kutumbukia. Mwanao alitaka kwenda kugomba. Nikamwambia atulie, nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikaenda mwenyewe.

"Baba," nikamwambia mwenyekiti, "fumba macho, unielezee shimo la sita."

Akaguna. "La sita... lina nyasi nzuri."

"Na la saba?"

Lo! Akaanza upepo unakotoka, akaja mteremko unavyousukuma mpira majini, akaja siku aliyopita kulia akafika, na siku nne alizozama mchangani. Anacheka peke yake, macho kayafumba. Alipoyafumbua akasema, "Bibi, umeniweza."

Mchanga wako upo, mzee wangu. Hakuna aliyeugusa.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tutakutana hapo la saba: mimi mkeo, mwanao fundi bomba, binti yako mwalimu na mumewe, wajukuu wako watano, dada yako, na wakata nyasi wote uliowafundisha kazi. Tukigeuka tukakupa mgongo, bado tunakusimulia wote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Wewe hukung'utiki.

Mwenyekiti ameuliza kama aniwekee kiti kivulini. Nimemjibu, "Kiti mpe wifi yangu. Mimi nipe fimbo na mpira mmoja. Miaka yote ile nilisema kushoto. Nilitaka kupita kulia."