Kumbukumbu za Kikao cha Tatu cha Kamati ya Mwandiko wa Bosi

MAHALI: Sebuleni, kwenye meza ya cherehani
SIKU: Jumamosi, saa 10:00 jioni

WALIOHUDHURIA
1. Bibi – Mwenyekiti
2. Mama Bosi, fundi cherehani
3. Mjomba, seremala
4. Shangazi, karani wa masjala – Katibu
5. BOSI (kwa mkono wake mwenyewe, tazama Kumb. Na. 4/3)

ASIYEHUDHURIA: Baba Bosi, yuko zamu kazini.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuzima redio. Alikumbusha kwamba Bosi, miaka saba, ambaye mkono wake wa kulia una udhaifu tangu kuzaliwa, ataandika jina lake mbele ya mwalimu Jumatatu. Akiweza, ataandika kazi zake mwenyewe darasani. Asipoweza, ataendelea kuandikiwa na wenzake, jambo ambalo Bosi amesema hataki hata kwa dawa.

KUMB. NA. 2/3: YATOKANAYO
Mjomba aliwasilisha ubao wa mteremko wa kuwekea daftari. Mama alisema uliahidiwa tangu kikao cha kwanza. Mjomba alijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mama alijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenyekiti aliwataka ndugu hawa wakamalizie jikoni.

Ubao ulijaribiwa na daftari halikuteleza. Kalamu imezungushiwa kitambaa ili ishikike. Mazoezi yatabaki dakika kumi kila asubuhi, Bosi akiwa hajachoka.

KUMB. NA. 3/3: DAFTARI LA ALHAMISI
Mama alifungua ukurasa wa Alhamisi, herufi zote zimenyooka, akauliza ni nani aliyemshika mtoto mkono. Mjomba aliapa si yeye, kwani mwandiko wake hata yeye humshinda kuusoma.

Katibu alikiri kwamba ni Katibu. Alieleza kuwa alimwona mtoto anatoka jasho, huruma ikamshinda.

Mama alisema, "Wifi, ya ofisini hayakutoshi, umeanza kumwandikia na mtoto?"

Mwenyekiti alisema, "Mwanangu, huruma hiyo inamwibia."

Bosi, aliyekuwa chini ya meza, alisema, "Shangazi, yale si yangu. Yangu yanapinda."

Katibu alipendekeza iandikwe tu kwamba "mjadala mfupi ulifanyika". Mwenyekiti aliagiza yaandikwe yote. Yameandikwa. Katibu anaona aibu, na anaomba radhi.

ILIAZIMIWA: Mkono wa Bosi usishikwe na mtu yeyote.

KUMB. NA. 4/3: MENGINEYO
Bosi aliomba kuwa mjumbe, kwa kuwa mwandiko unaojadiliwa ni wake. Mwenyekiti alisema mjumbe hujiandikisha. Kwa mazoea, Katibu alianza kumwandikia. Bosi aliifunika karatasi kwa kiganja.

Aliandika B, akapumzika. Aliandika O. Herufi S ilitoka imegeuka. Mjomba alifungua mdomo na Mwenyekiti akamkanyaga mguu. Bosi aliitazama, akasema, "Naiona, msiniambie," akaikata, akaandika nyingine. Kisha I, ndefu kuliko zote.

Mama alitoka nje kidogo. Mjomba alipiga makofi bila idhini ya kiti. Mwenyekiti alisema, "Jumatatu mwalimu aje na kiti, akae atazame."

KUMB. NA. 5/3: KUFUNGA
Kikao kilipangwa kufungwa saa 11:00. Kilifungwa saa 11:09, kwa kuwa mjumbe namba 5 alikuwa bado anaandika. Sehemu ya 4/3 imeandikwa baadaye, kwa sababu wakati huo Katibu alikuwa ameikalia mikono yake.

Mwenyekiti: ...................
Katibu: ...................